Mfuko wa taka ukitoka langoni kwako

HEBU fikiria, msomaji mpendwa, ni mara ngapi umetoka nyumbani alfajiri ukiwa umevalia vizuri kwenda kazini, mkono mmoja umeshika mkoba na mwingine umebeba mfuko mweusi wa taka unaodondosha maji? Unauacha langoni pa ploti, unajipangusa vidole, unakimbilia matatu. Jioni ukirudi mfuko haupo. Kwako wewe hadithi ya mfuko huo imekwisha.

Lakini haijaisha. Leo tutaufuata mfuko huo mpaka mwisho wa safari yake, na tunakuomba usome ukiwa umekwisha kula, kwa sababu njiani kuna uvundo.

Mwandishi huyu aliingiwa na udadisi huo kwa sababu ya hasira. Kwa miezi kadhaa jamii yetu ilikuwa imejizoesha kuweka taka katika mifuko miwili. Mmoja ulikuwa wa maganda ya viazi, ya ndizi, mashina ya sukuma wiki na ugali uliolala. Wa pili ulikuwa wa vitu vikavu: chupa za plastiki, mikebe, katoni na magazeti ya zamani. Watoto waliufanya mchezo. Mdogo wetu alifikia hatua ya kuwakemea wageni waliotupa ganda la ndizi kwenye mfuko usio wake, na mimi nilijiona raia mwema kupindukia.

Ndipo siku moja nikachelewa kwenda kazini, nikaliona lori likija. Kijana mmoja aliichukua mifuko yangu yote miwili kwa mkono mmoja akairusha juu ya lori lile lile, ndani ya rundo lile lile, mwenzake akaikanyaga kwa buti. Nilisimama pale langoni kama mtu aliyeibiwa. Miezi yote ile ya kuchambua, kuosha chupa na kugombana na watoto ilikuwa imekwenda na buti moja.

Nilipomwuliza kijana yule kisa cha kuchanganya, alicheka tu, akadandia lori likaondoka. Kicheko hicho nilikielewa baadaye, na tutakirudia.

MALORI YA BARAZA

Wakazi wa miaka mingi wa mitaa kama Kaloleni, Makadara na Jericho watakusimulia habari za pipa la bati lililokuwa kila mlangoni na lori la Baraza la Jiji lililofika siku maalumu bila kukosa. Katika miaka ya 1970 kuondolewa taka lilikuwa jambo la kawaida kama maji kutoka kwenye mfereji. (Ukweli ni kwamba maji nayo yalikuja kutushinda, lakini hiyo ni makala nyingine.)

Kisha mji ukafura. Watu waliongezeka, mitaa ya mabanda ikasambaa kando ya mito, huku malori ya baraza yakiharibika moja baada ya jingine na kuegeshwa bila vipuri. Kufikia miaka ya 1990 sehemu kubwa ya taka za Nairobi hazikuwa zikizolewa na mtu yeyote. Zilirundikana kwenye vichochoro, zikaziba mitaro, zikachomwa usiku. Kila penye pengo hujitokeza wa kuliziba: zikaja kampuni za watu binafsi kuhudumia mitaa ya wenye nafasi, na makundi ya vijana yenye mikokoteni kuhudumia kina yahe. Tangu hapo Mnairobi amezoea kulipa kodi kwa wenye mji na kisha kulipa tena kila mwezi kwa mwenye lori.

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kuondoa taka, na Kifungu cha 42 kikampa kila mtu haki ya mazingira safi. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka wa 2013. Kati ya 2020 na 2022 kazi hiyo ya Nairobi ilikuwa mikononi mwa idara maalumu iliyoongozwa na mwanajeshi, Meja Jenerali Mohamed Badi, kabla ya kurudishwa kwa kaunti. Sare za wafagiaji zimebadilika rangi mara nyingi, lakini mahali taka zinakopelekwa hapajabadilika.

Mahali penyewe ni Dandora.

MLIMA USIO NA JINA KWENYE RAMANI

Jaa la Dandora lilianza katikati ya miaka ya 1970 kwenye shimo lililoachwa na wachimba mawe, kilomita zipatazo nane kutoka katikati ya jiji. Wazo lilikuwa rahisi: kuna shimo, kuna taka, basi zifukie shimo. Shimo likajaa. Mwaka wa 2001 jaa lilitangazwa kuwa limejaa kabisa. Msomaji, hiyo ni zaidi ya miaka 20 iliyopita, na malori hayajaacha kupanda. Palipokuwa shimo sasa pana mlima.

Nairobi huzalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kwa siku. Kama zote zingepakiwa kwenye malori ya tani saba, ungehitaji malori yapatayo 285 kila siku ya Mungu, Krismasi na Idi zikiwemo. Si zote zinazofika Dandora, kwa kuwa nyingi huishia mitaroni, mtoni, au kwenye moto wa pembeni mwa barabara. Lakini zile zinazofika hazifunikwi kwa udongo wala kutandikiwa chochote chini. Humwagwa tu. Mvua ikinyesha, maji hupenya katika lile rundo, yakaokota kila sumu wanayokutana nayo, yakatoka chini meusi kama kahawa na kuteremkia Mto Nairobi, unaopita hapo ubavuni.

Wewe uliye Malindi usidhani haya ni ya watu wa bara. Mto Nairobi huingia Athi, Athi hugeuka Galana, na Galana ndiyo Sabaki inayomwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Chupa iliyotupwa Korogocho ikipata mafuriko mazuri, safari yake ya pwani haina nauli.

Wanaoishi karibu na jaa ni wakazi wa Dandora, Korogocho, Kariobangi na Baba Dogo. Mwaka wa 2007 Shirika la Mpango wa Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilitoa ripoti ya uchunguzi uliofanywa hapo. Watoto na vijana 328 wa eneo hilo walipimwa. Karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichopita kile kilichokubalika kimataifa wakati huo. Wengi walikuwa na maradhi ya kifua. Udongo wa hapo ulikutwa na risasi, zebaki na kadimi.

Risasi, kama hujui, haiumizi mtoto kwa siku moja akalia ukampeleka zahanati. Huingia polepole kwa vumbi, kwa moshi, kwa vidole vinavyotiwa mdomoni, ikaenda kukaa katika mifupa na ubongo. Mtoto hukua akiwa mzito wa kushika masomo, na mwalimu humwita mjinga. Inatoka kwenye nini? Kwenye betri, rangi za zamani na vifaa vya umeme, vile vile ulivyovitia wewe ndani ya mfuko mweusi pamoja na maganda ya viazi.

Kuna jambo ambalo mwandishi huyu hulifikiria kila akipita barabara ya Limuru. Makao makuu ya UNEP, shirika linaloshughulikia mazingira ya dunia nzima, yako Gigiri, katika jiji hili hili. Machi 2022 wajumbe wa mataifa walikutana pale wakaafikiana kuanza kutunga mkataba wa kimataifa wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Walipigiana makofi. Jaa la Dandora liko mwendo wa matatu mbili tu kutoka ukumbi huo.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Palitolewa pendekezo la kulihamishia jaa Ruai, lakini wasimamizi wa viwanja vya ndege wakapinga, kwani jaa huvuta ndege wa angani, na korongo mkubwa mmoja akiingia kwenye injini anaweza kuiangusha ndege iliyobeba mamia ya watu. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lifungwe na kuhamishwa katika muda wa miezi sita. Hesabu mwenyewe miezi iliyopita tangu hapo. Pamezungumzwa pia habari za mtambo wa kuchoma taka ili kuzalisha umeme, na mazungumzo hayo yamekwishazalisha karatasi nyingi.

Mombasa wao walifunga lao. Ukivuka kuingia kisiwani kwa Makupa unakumbuka ule moshi wa Kibarani uliokuwa ukiwalaki wageni kabla ya upepo wa bahari. Mwaka wa 2018 jaa hilo lilifungwa, udongo ukamwagwa, miti na nyasi zikapandwa. Panapendeza, hatukatai. Lakini malori yalielekezwa Mwakirunge, na wakazi wa huko hawakupata bustani.

Na ikiwa unadhani mlima wa taka ni jambo la uvundo tu, waulize majirani zetu. Tarehe 11 Machi 2017 jaa la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka usiku na kuua zaidi ya watu 110. Tarehe 10 Agosti 2024 jaa la Kiteezi, Kampala, liliporomoka baada ya mvua kubwa na kufukia nyumba pamoja na watu na mifugo. Waliokufa walikuwa zaidi ya 30. Kiteezi nalo lilikuwa limekwisha kujaa.

WANAOISHI KWA TAKA

Juu ya mlima huo wamo watu. Ni maelfu, wengi wao akina mama, na kabla hujawahurumia yafaa ujue kwamba ndio wafanyakazi hodari zaidi wa mazingira katika jiji hili. Lori likisimama, wanajua kwa kutazama tu limetoka mtaa gani. Lililotoka mitaa ya mabwanyenye lina chupa na katoni. Lililotoka sokoni lina maganda tu, hilo huachiwa nguruwe. Lile la uwanja wa ndege huleta mabaki ya vyakula vya abiria, na hapo husukumana.

Kila mmoja ana chake. Wako wa chupa za plastiki, wako wa vyuma, wako wa shaba inayotolewa kwenye nyaya, wako wa mifupa, na wako wa nywele bandia zilizosukwa na kutupwa, ambazo huoshwa na kuuzwa upya. Dada, usishtuke. Vitu hivi hupimwa kwa mizani ya dalali pembeni mwa jaa, dalali humwuzia dalali mkubwa, na mkubwa huwauzia wenye viwanda. Karatasi hurudi kwako ikiwa karatasi ya chooni. Mifupa hugeuzwa hereni na vishikio vya visu na mafundi wa Kibera. Mikebe na vipande vya alumini huyeyushwa na mafundi wa jua kali, vikawa sufuria ya kupikia ugali ambao mabaki yake utayatia tena kwenye mfuko mweusi.

Wengine wamepanda ngazi zaidi. Mkenya Nzambi Matee alianzisha kiwanda Nairobi kinachochanganya plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandika njia, na mwaka wa 2020 UNEP ikamtunukia kuwa mmoja wa vijana mabingwa wa dunia. Kule Lamu mafundi walitwaa ndara na plastiki zilizookotwa ufuoni wakaunda jahazi zima, wakaliita Flipflopi, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kwa tanga mpaka Unguja. Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao, lakini hawakuwaza kwamba mbachao ungeweza kutweka.

Sasa turudi kwenye kile kicheko.

Ukitazama vizuri lori la taka likipita mtaani kwako, utaona magunia yaning'inia ubavuni na nyuma. Mimi nilikuwa nimeyaona miaka yote nikidhani ni matambara ya kufunikia. Kumbe ndiyo mfuko wa mshahara. Vijana wa lori hulipwa kidogo, na nyongeza yao hutoka humo: lori likitembea, wao wako juu wakipasua mifuko yetu, wakitoa chupa, mikebe na katoni na kuzitia magunia yale, na kufika jioni wamekwisha kuziuza. Kwa hiyo kuchambua kulikuwa kukifanyika tangu zamani. Kulikuwa kukifanywa kwa mikono mitupu, ndani ya nepi na vipande vya chupa, na kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho.

Wiki iliyofuata nilimngojea. Sikuiweka mifuko miwili chini pamoja. Ule wa vitu vikavu nilimpa mkononi, nikamwambia ni mkavu na nimeuosha. Aliufungua, akachungulia, akautia moja kwa moja ndani ya gunia la ubavuni bila kuurusha juu. Safari hii hakucheka.

TATIZO NI MAGANDA

Hapa ndipo napenda tukae kidogo, maana ndipo penye siri ya jambo lote. Zaidi ya nusu ya taka zinazotoka nyumbani Nairobi ni maganda na mabaki ya vyakula, ambavyo kwa asili si taka. Kule ushago kwetu hapakuwa na jaa kwa sababu hapakuwa na taka. Maganda ya ndizi yalikuwa ya ng'ombe, makombo ya mbwa na kuku, majivu yalimwagwa chooni, na kilichobaki kilitupwa kwenye shimo la migomba. Tulipohamia mjini tulibeba maganda yetu na kuacha ng'ombe nyumbani.

Maganda yakikaa peke yake ni mbolea. Yakichanganywa na vingine ndiyo yanayoviharibu. Katoni kavu ina mnunuzi. Katoni iliyolowa mchuzi haina. Chupa iliyopakwa uji uliochacha humlazimu mtu kuiosha kwa maji ambayo Dandora hununuliwa kwa mtungi. Maganda yakifukiwa chini ya mlima wa taka pasipo hewa, huoza vibaya na kutoa gesi ya methani, ambayo ndiyo huwaka moto chini kwa chini siku na siku, na pia huongeza joto la dunia. Yale maji meusi yanayoteremka mtoni hutokana kwa sehemu kubwa na maganda haya. Yatoe hayo, na mlima wote utapungua kimo kwa nusu, na nusu inayobaki itageuka kuwa bidhaa.

Sheria inajua hivyo. Julai 2022 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Inamtaka kila mwenye nyumba, kila ofisi na kila duka kutenga taka zinazooza na zisizooza. Inazitaka kaunti kujenga vituo vya kuchambulia taka ili jaa lipokee tu kilichoshindikana, na inawataka wenye viwanda wawajibikie vifungashio wanavyovisambaza nchini. Mnamo 2024 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (Nema) ikaagiza kwamba taka zinazooza ziwekwe katika mifuko ambayo nayo inaoza. Ni sheria nzuri. Zunguka ploti kumi za mtaa wako ukatafute mpangaji mmoja aliyewahi kuisikia.

Utasema Wakenya ni wabishi, hawafuati sheria. Si kweli, na ushahidi ni mifuko ya plastiki. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ile myepesi ya dukani ilipigwa marufuku, adhabu ikawa faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Majaribio ya awali, 2007 na 2011, yalikuwa yameshindwa, na marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa akiyapigia kelele mambo hayo tangu zamani. Safari hii ilishika. Wakati huo UNEP ilieleza kwamba ng'ombe wengine katika vichinjio vya Nairobi walitolewa mifuko 20 tumboni. Leo mama mboga anakufungia nyanya ndani ya kitu kingine, au unakwenda sokoni na kikapu kama alivyokwenda nyanya yako. Bado mifuko mingine huingia kwa njia za panya, lakini ile miiba iliyochanua plastiki kando ya barabara kuu hatuioni tena kama zamani.

Tofauti ni nini? Marufuku ya mifuko ilimbana mwenye kiwanda na mwenye duka, na wewe ukafuata kwa kukosa. Sheria ya kutenga taka inaanzia jikoni kwako, mahali ambapo askari wa kaunti hawezi kuingia. Tena inakutaka utenge kabla lori halijawa na sehemu mbili na kabla kituo cha kuchambulia hakijajengwa wadi yako. Mtu akitenga akaona vinachanganywa, hutenga mara mbili tu, ya tatu hachoshwi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kaunti ingeanza na lori.

Lakini tukisubiri lori tutasubiri sana, kwa hiyo nikajaribu ndoo.

Mwenye ua hana haja ya ndoo: chimba shimo la kina cha mapaja, tia maganda, funika kwa majani makavu na udongo kidogo, geuza kila wiki, na katika miezi mitatu au zaidi utapata mboji nyeusi inayonukia kama msitu baada ya mvua. Sisi wa ghorofani tunatumia ndoo kuukuu ya rangi iliyooshwa na kutobolewa matundu ubavuni na chini, juu ya sinia la kukinga maji. Wiki ya pili ndoo yangu ilinuka mpaka jirani wa mlango wa pili akaacha kunisalimu. Kosa lilikuwa ni kutia maganda mabichi peke yake. Kwa kila konzi ya maganda mabichi yahitaji konzi mbili za kitu kikavu, na mimi hupata maranda bure kwa fundi seremala. Nyama, samaki na mafuta usitie, utaalika panya wa mtaa mzima. Baada ya hapo harufu iliondoka, na jirani naye akarudi.

Kama ndoo ni kazi, mtafute mfugaji. Nguruwe, sungura na mbuzi wa mjini wanakula, na wenyewe huja na mkokoteni wakipata ploti yenye maganda yasiyo na vipande vya chupa wala wembe. Kuna pia wafugaji wa funza. Usikunje uso: ni funza wa nzi mweusi asiyeleta maradhi, ambao wataalamu wa kituo cha wadudu cha ICIPE kule Kasarani wamewachunguza kwa miaka. Hula maganda kwa pupa, wakanenepa, wakakaushwa kuwa chakula cha kuku na samaki, na kinachobaki ni mbolea.

Mambo machache usiyatie popote bila kufikiri. Betri na taa zilizokufa ziweke katika mkebe wake; usizichome wala kumpa mtoto kuchezea. Sindano ya mgonjwa wa sukari itie ndani ya chupa ngumu ya plastiki, funga kifuniko, urudishe hospitalini. Glasi iliyovunjika izungushie gazeti kwa unene, kumbuka ule mkono juu ya lori. Nepi za kutupa sina jibu lake la haraka. Zinaziba choo, haziozi, hazina mnunuzi, na Mama yeyote aliyeamka usiku mara tatu hawezi kuambiwa arudi kwa winda bila kukutazama kwa jicho baya.

Na usichome. Moshi wa plastiki jikoni au nyuma ya nyumba ni sumu ile ile ya Dandora, umeileta wewe mwenyewe.

Katika ploti yetu wako wapangaji 24. Kufikia mwezi uliopita saba walikuwa wakitoa mfuko mkavu kando, na yule kijana wa lori sasa hupiga honi mara mbili akifika kwetu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Ndoo ziko tatu. Mwenye ploti ametukubalia kuweka pipa moja la mboji nyuma ya tangi la maji, kwa sharti kwamba siku atakayoona nzi litaondoka siku hiyo hiyo. Mvua zimekaribia, maranda ya seremala yamelowa, na pipa limejaa hadi shingoni. Jumamosi hii tunakutana ngazini kuamua ni nani ana jamaa mwenye shamba karibu na anayeweza kulipia mkokoteni.